Simu na redio ya gari kuukuu: kaseti, modyuleta, waya au redio mpya?

Magari mengi yanayozunguka Malindi yalitengenezwa kabla watu hawajazoea kubeba muziki mfukoni. Kuna Corolla za miaka ya 1990, kuna Probox zilizoikariri barabara ya Mombasa, kuna Peugeot 504 za wazee ambazo bado zinawaka. Redio zake ni za kaseti, au za CD, au za stesheni tu. Mwenye gari naye taarabu yake, bango, kasida na mawaidha vyote viko ndani ya simu, au ndani ya kicheza muziki kidogo alichokuwa nacho tangu zamani. Anataka asikie vitu vyake kwenye spika za gari. Anaingia dukani, anauziwa cha kwanza kinachotolewa kwenye kabati la kioo, na mara nyingi huwa ni modyuleta ya FM, kile kifaa kidogo kinachourusha muziki wa simu hadi kwenye redio ya gari.

Modyuleta si kitu kibaya. Lakini kuinunua kabla hujaijua redio yako ni kubahatisha, na hapa kwetu, kwa vile magari yetu mengi yametoka Japani, anayebahatisha hupoteza mara nyingi. Njia zipo kadhaa, na kila moja ina gari lake na dereva wake. Msimamo wangu nautoa mapema: muziki unaopita kwenye waya unaushinda unaopita hewani, na redio ya zamani iliyo nzima isitupwe haraka.

Anza na redio yenyewe

Itazame usoni. Tafuta tundu dogo la duara lenye maandishi AUX, la milimita 3.5, sawa na lile la hedifoni. Redio nyingi zilizotoka kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zinalo, na watu hukaa nalo miaka bila kulitambua kwa sababu limezibwa na kifuniko cha mpira, au liko ndani ya kile kisanduku cha kati ya viti. Ukilikuta, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya waya hapa chini. Mengi ya yanayofuata hayakuhusu.

Kama hakuna, jaribu mlango wa kaseti. Sukuma kaseti yoyote ya zamani ndani usikilize kama inazunguka. Sauti ikiwa hafifu si neno kwa sasa, la muhimu ni mashine izunguke. Halafu zungusha kitafuta stesheni cha FM hadi mwisho wa juu. Ikigota 90 kisha ikarudi 76, hiyo ni redio iliyotengenezewa soko la Japani. Huko kwao FM ya kawaida ilikuwa 76 hadi 90. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Kwenye tofauti hiyo ndiko yanakotoka maudhi mengi ya modyuleta, na nitaifafanua.

Usoni kukiwa hakuna kitu, tazama mgongoni. Kwenye Corolla 110, mathalan, ule ubao wa plastiki unaozunguka redio unabanduliwa kwa mkono taratibu, unakutana na skrubu za spana 10, na redio inatoka nzima na mabano yake. Nyuma kuna plagi kubwa za umeme na spika, kuna waya mnene wa antena, na pengine kuna tundu jingine lisilochomekwa chochote. Hilo lililo tupu ndilo la thamani. Laweza kuwa la chenja ya CD, ile mashine ya pembeni inayobeba CD kadhaa na kuzibadilisha yenyewe, au yakawa matundu mawili ya RCA, jekundu na jeupe. Soma maandishi yake kabla hujafurahi: IN ni ya kuingizia sauti, OUT ni ya kuipeleka kwenye amplifaya, na ukichomeka simu kwenye OUT hutasikia kitu.

Tahadhari moja kwa wenye magari ya Ulaya. Redio nyingi za Peugeot na Volkswagen za miaka hiyo hudai namba ya siri mara tu umeme unapokatwa. Usiichomoe mpaka namba hiyo iwe mkononi mwako.

Modyuleta au kaseti?

Hizi mbili hulinganishwa zaidi kwa sababu zote ni rahisi na hakuna hata moja inayodai fundi. Zinafanya kazi kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Modyuleta ni kituo kidogo cha redio. Unaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, inapokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth au inasoma flashi na memori kadi, kisha inaurusha kwenye masafa ya FM uliyochagua, na redio ya gari inaushika kama inavyoshika stesheni yoyote. Faida zake hazina ubishi. Gari lolote lenye FM linaikubali, hufungui kitu, unaihamisha gari hadi gari, simu inachajiwa papo hapo. Ukiwa na flashi uliyopakiliwa nyimbo kwenye kibanda mjini, simu huihitaji kabisa, na hilo kwa dereva wa teksi ni jambo kubwa: betri yake anaihifadhi kwa ajili ya wateja.

Udhaifu wake ni nguvu. Imefanywa hafifu kwa makusudi isije ikawasumbua majirani, na redio ya FM ikikuta vituo viwili kwenye masafa yale yale hushika chenye nguvu na kukiacha kingine. Fikiria safari ya Mombasa. Unatoka Malindi na masafa matupu, wimbo ni safi. Ukishapita Gede unaanza kusikia mkwaruzo kila gari linapopanda mwinuko. Karibu na Kilifi sauti ya mtangazaji inaingia katikati ya ubeti, inatoweka, inarudi. Ukifika Mtwapa kituo cha Mombasa kimeshachukua nafasi na nyimbo zako hazipo tena. Inabidi usimame kando, utafute masafa mengine, uyaweke kwenye modyuleta kisha uyaweke kwenye redio. Anayekwenda kaskazini, Mambrui, Gongoni, hadi Garsen na Witu, anakuta vituo vichache zaidi, na kifaa kile kile kinamtumikia bila kelele. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa Gongoni akiisifu modyuleta na dereva wa Mombasa akiilalamikia, wote wawili wanasema kweli.

Mahali ilipo antena nako kuna maana. Modyuleta iko ndani, mwili wa gari ni chuma, na antena ya fimbo iliyo kwenye bawa la mbele inaisikia kwa taabu. Magari yenye antena ndani ya kioo huisikia vizuri zaidi. Ukiwa na fimbo ya kuvuta na ukakuta mkwaruzo hata mjini, ishushe: inapungukiwa na stesheni za mbali, na modyuleta yako inapata nafasi.

Sasa tuje kwenye Japani. Redio ya 76 hadi 90 na modyuleta ya 87.5 hadi 108 hukutana kwenye kipande kidogo tu, kutoka 87.5 hadi 90. Ukiiweka modyuleta 98.3, redio haifiki huko, na ndipo mtu anairudisha dukani akidai ni mbovu. Iweke ndani ya kipande kile, 88.3 mathalan, redio nayo 88.3, uone kama ni patupu.

Magari mengi lakini yamefungwa ekspanda. Hiki ni kisanduku kidogo kilichochomekwa kwenye waya wa antena, kinachoziteremsha stesheni zetu ili redio ya Kijapani iweze kuzipata. Ekspanda ikiwa ya 14, stesheni ya 101.0 utaipata kwenye 87.0. Mawimbi ya modyuleta nayo hupitia antena ile ile, basi nayo huteremshwa: ukiiweka 99.5, itafute kwenye 85.5. Kama hujui ekspanda yako ni ya ngapi, chukua stesheni moja ambayo masafa yake unayajua kwa hakika, angalia redio yako inaionyesha kwenye namba gani, toa namba ya redio kwenye masafa halisi ya stesheni. Jibu utakalopata ndilo utakalotoa kila mara. Nimeona modyuleta nzima zikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu tu mwenyewe hakuambiwa hesabu hii, na inaniuma, kwa kuwa muuzaji angeweza kuisema kwa sentensi moja.

Adapta ya kaseti haijui habari zote hizo. Ina umbo la kaseti ya kawaida ila ndani hamna mkanda. Pana kichwa kidogo cha sumaku kinachokaa uso kwa uso na kichwa cha kusomea cha redio. Muziki unatoka kwenye simu kwa waya mwembamba, kile kichwa kinaugeuza kuwa mabadiliko ya sumaku, na redio inausoma ikidhani ni mkanda unaopita. Hakuna masafa, hakuna ekspanda, hakuna kituo cha kuingilia. Sauti uliyoondoka nayo Malindi ndiyo utakayofika nayo Mombasa. Na kwenye mashine safi, kwa masikio yangu, inaishinda modyuleta ya kawaida: besi imejaa, na sauti ya mwimbaji haina ule ukavu. Kasoro yake ni mvumo mdogo na mlio wa gia, usiousikia kwenye bango lakini unausikia kwenye usomaji wa Qur'ani, pale msomaji anaponyamaza kati ya aya na aya.

Matatizo yake ni ya mashine. La kwanza ni redio zinazojigeuza upande zenyewe. Zinahisi kama mkanda umefika mwisho, zinageuza, zinahisi tena, zinageuza, ta-ta-ta bila kukoma, au zinaitema kaseti nje. Adapta nyingi zina gia ndani za kuidanganya redio; nyingine hazina, na ndiyo sababu nasema ujaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. La pili ni mipira inayozungusha mashine, ambayo joto la dashibodi huilegeza. La tatu ni uchafu. Kichwa cha kusomea kikiwa na utando wa kahawia, sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Chukua kijiti chenye pamba, kitie spiriti, fungua mlango wa kaseti, paka kile kipande kinachong'aa ndani taratibu mpaka pamba itoke nyeupe. Subiri kikauke. Wengi hushangaa redio waliyoidhani imezeeka inavyofunguka baada ya kazi hii ndogo.

Kuna pia adapta za kaseti zenye Bluetooth ndani, zisizo na waya. Sizipendi. Zina betri ndogo inayokaa ndani ya redio yenye joto, na inabidi uitoe kuichaji. Waya wa ile ya kawaida hukatika, ni kweli, hasa pale unapotokea mlangoni, lakini waya uliokatika unaonekana na unaungika.

Kwa hiyo mashine ya kaseti ikizunguka, nachukua adapta, hasa kwa safari za kusini. Isipozunguka, kuifufua ili tu uichomeke adapta ni gharama isiyo na sababu, na hapo modyuleta inashinda.

Ipo modyuleta ya aina ya pili ambayo watu wengi hawaijui, na kwa gari lisilo na tundu lolote ndiyo ninayoiamini zaidi: ya waya. Inafungwa nyuma ya redio, kwenye waya wa antena. Ukiiwasha inaiondoa antena na kuingiza muziki wako moja kwa moja kwenye redio; ukiizima antena inarudi. Stesheni ya nje haina njia ya kukuingilia. Nyingi hutumia masafa ya chini, kati ya 87 na 89 na ushei, ambayo redio ya Kijapani inayafikia bila shida, mradi fundi aiweke baina ya ekspanda na redio, siyo kabla ya ekspanda. Akikosea mpangilio huo, muziki utateremshwa hadi mahali redio isipofika. Mwambie kabla hajaanza.

Waya wa AUX, na kipokezi cha Bluetooth

Mwenye tundu la AUX ameshapata. Waya mmoja wenye vichwa viwili vya milimita 3.5 unatosha, nao ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote humu. Mwenye RCA IN nyuma anahitaji waya wenye kichwa kimoja upande wa simu na viwili upande wa redio, chekundu kulia, cheupe kushoto. Sauti ya simu iweke juu, karibu na mwisho lakini isifike mwisho kabisa, halafu ongezea kwa redio. Ukifanya kinyume, simu chini na redio juu, utasikia mchemko nyuma ya muziki.

Simu nyingi mpya hazina tundu la hedifoni. Apple iliondoa lake mwaka 2016 na wengine wakafuata. Kuna vichwa vya kugeuza vya USB-C, lakini si kila kichwa kinafanya kazi kwa kila simu, kwa kuwa vingine ni waya mtupu na vingine vina chipu ndani ya kugeuza muziki wa dijitali kuwa sauti. Chukua chenye chipu. Mwenye iPod au kicheza muziki cha zamani hana tatizo hili, na mimi naona ni sababu nzuri ya kukitoa kwenye droo: kikae ndani ya gari, nyimbo zimo, simu ibaki na kazi zake.

Njia ya pili ya kulitumia tundu hilo ni kipokezi kidogo cha Bluetooth, kinachochomekwa kwenye AUX kisha simu ikaungana nacho hewani. Hapa ulinganisho ni wa tabia ya mtu kuliko sauti. Bluetooth huubana muziki kidogo kabla ya kuurusha, na kwenye gari lenye injini na madirisha wazi tofauti hiyo sikio haliipati. Faida ni kwamba simu inakaa popote, na gari likitumiwa na watu kadhaa, kila mmoja anaunganisha yake. Waya una faida nyingine: hauna cha kuchaji, hauulizi nani ameunganishwa, na abiria aliyeko nyuma hawezi kukunyang'anya muziki.

Jambo linalosumbua wote wawili ni mluzi. Unachomeka simu kwenye chaja ya gari, waya wa sauti uko kwenye AUX, na mara spika zinatoa mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Redio haijaharibika. Negativu ya chaja na negativu ya waya wa sauti zimekutana na bodi ya gari mahali pawili tofauti, na umeme mchafu wa alteneta unapita kwenye waya wa sauti. Jaribio lake ni rahisi: chomoa chaja, mluzi ukikata umeshajua. Unaweza kuchajia kwa pawabenki wakati wa kusikiliza, au ununue kichujio cha mluzi, kijisanduku chenye transfoma mbili ndogo ndani kinachowekwa katikati ya waya wa sauti. Kipokezi cha Bluetooth kinachopata umeme kwenye chaja ile ile huleta mluzi huo huo; chenye betri yake hakileti, ila betri hiyo usiiache juani kwenye dashibodi. Jua la Malindi linaua betri ndogo upesi.

Kwa wanaoegesha karibu na bahari, kuna chumvi. Kichwa cha waya kinapata ukijani, sauti inatoka upande mmoja, ukikizungusha inarudi. Kichomoe, kifute kwa kitambaa chenye spiriti, kichomeke na kukichomoa mara kadhaa kusugua ndani ya tundu. Usiuache waya umechomekwa mwezi mzima bila kuugusa.

Chenja ya CD

Hii inahusu wachache. Redio nyingi za kiwandani za mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000, zikiwemo za Toyota, zilikuwa na tundu la kuunganishia chenja iliyokaa kwenye buti. Kuna visanduku vinavyojifanya chenja: unachomeka pale, redio inaona CD, kumbe ni flashi, memori kadi au AUX. Sauti ni safi kama ya waya na vitufe vya redio vinafanya kazi ya kuruka nyimbo. Ugumu ni kukipata kinacholingana na plagi ya redio yako, na huenda ikabidi kuagiza. Mwenye redio ya CD yenye maandishi MP3 usoni ana njia nyepesi zaidi: CD moja tupu ya megabaiti 700 inabeba saa kumi na ushei za nyimbo za MP3.

Redio mpya

Redio ya zamani ikiwa imekufa, au ukihitaji kupokea simu barabarani bila kushika kitu (na kushika simu ukiendesha ni kosa kisheria), badilisha. Redio ya kawaida yenye Bluetooth, USB na AUX haina gharama ya kutisha. Zile kubwa za skrini zina mvuto, lakini kwa mwenye gari kuukuu anayetaka muziki tu naona fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye spika. Spika za karatasi za miaka ishirini zimeshachanika kingo, na redio yoyote utakayoiweka juu yake itatoa sauti ya kuchanika.

Pima nafasi kwanza. Redio ndogo ina upana wa milimita 180 na kimo cha 50. Kubwa ina kimo cha 100. Toyota za Kijapani zina nafasi pana zaidi, milimita 200, kwa hiyo utahitaji vipande vya plastiki vya kuziba pembeni. Usikubali fundi akate plagi za gari. Kuna plagi za kugeuza za Toyota na Nissan, zinachomekwa tu, na siku ukiuza gari unairudisha redio ya asili bila mtu kujua. Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, unaotunza saa na stesheni. Mwekundu ni wa switchi. Mweusi ni wa bodi, yaani negativu. Njano na nyekundu zikibadilishana, redio itasahau kila kitu ukizima gari, na inaweza kunyonya betri usiku.

Jambo moja mafundi hulisahau: redio mpya ikiwa inafika 108, ekspanda iondolewe. Ikibaki, stesheni zote zitakuwa mahali pasipo pake na nusu hutazipata.

Nani achukue nini

Dereva wa Probox anayekwenda na kurudi Mombasa kila siku asisumbuke na modyuleta ya hewani hata kidogo. Yuko barabarani muda mrefu mno kuwa anatafuta masafa. Redio mpya ya kawaida yenye USB itamrudishia gharama kwa utulivu peke yake, na flashi aifomati kwa FAT32, mojawapo ya mifumo ya kupanga faili, kwa sababu redio nyingi za bei ya chini hazisomi mifumo mingine.

Mwenye Corolla ya nyumbani, ya kupeleka watoto shule na kwenda Watamu siku za mapumziko, yuko sawa na kaseti kama mashine inazunguka, au modyuleta kama haizunguki. Safari zake ni fupi, na akishapata masafa matupu ya Malindi hatayagusa tena.

Wenye Canter, mabasi, na Land Cruiser za zamani wapime kwanza umeme wa gari lao. Nyingi ni za volti 24. Modyuleta nyingi za tundu la sigara zinakubali 12 na 24, imeandikwa ubavuni. Redio ya kawaida inakubali 12 tu, na ukiichomeka kwenye 24 inaungua papo hapo. Hapo inatakiwa kibadilishio cha kushusha hadi 12, kisha ndipo redio ifuate.

Amebaki mzee mwenye 504 na redio yake ya asili ambayo haina FM, ina masafa ya kati na marefu tu. Modyuleta haimfai kwa lolote, kaseti hana, tundu hana. Wengi humshauri atoboe dashibodi aweke redio mpya. Mimi namshauri aiache redio mahali pake. Anunue amplifaya ndogo ya volti 12 yenye Bluetooth, ifungwe chini ya kiti cha mbele na fyuzi yake, ipate umeme kupitia switchi ya gari, na spika mbili mpya ziunganishwe nayo. Ile redio ya zamani ibaki na spika yake ya asili, ikishika stesheni zake za masafa ya kati kama kawaida.